Dume Hucheza, Jike Huchagua

Magharibi ya Kolwezi reli inashika njia ya Dilolo, mpakani mwa Angola. Ilikamilika mwaka 1931, ili shaba ya Katanga ipate kufika bahari ya magharibi. Kadiri unavyokaribia Dilolo, nchi inazidi kuwa tambarare. Miti inapungua, majani yanatawala, na wakati wa mvua maji husimama uwandani kana kwamba hayajaamua yaende wapi. David Livingstone alipita upande huo mwaka 1854, akarudi tena mwaka 1855, ndipo alipotambua ya kuwa maji ya huko hugawanyika: mengine huenda kaskazini katika Kasai, na mwisho katika mto Kongo, mengine huenda kusini katika Zambezi.

Katika nyanda za namna hiyo, kusini ya Kongo, Angola na magharibi ya Zambia, yuko ndege ambaye mtu hawezi kumpita bila kugeuka. Mwili wake ni mdogo, waenea kiganjani. Lakini dume, wakati wa kutaga, huvaa vazi jeusi tupu, na bega jekundu, na mkia wake hufikia karibu nusu mita. Huruka polepole, chini chini juu ya majani, mkia ukining'inia nyuma yake. Upepo ukivuma humsumbua. Jike lake ni la rangi ya majani makavu, lina mistari mistari na mkia mfupi, na likikaa kimya huwezi kuliona. Msimu ukiisha, dume naye huliacha vazi lake, akawa wa rangi ya majani kama mkewe.

Basi swali ni hili: mkia huu ni wa nini? Haumsaidii kutafuta chakula. Haumsaidii kuruka. Haujengi kiota wala haulei makinda. Swali ni dogo, hata mtoto angeweza kuliuliza akiwa anachunga mbuzi. Lakini watu wenye elimu walibishana juu yake zaidi ya miaka mia, na ubishi wao haukuwa juu ya mkia tu. Ulikuwa juu ya neno jingine: je, jike lina uwezo wa kuchagua? Habari ya ubishi huo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa, kwa maana jibu lake halikupatikana katika vyumba vya vitabu. Lilipatikana katika majani ya Afrika.

UWANJA WA NGOMA

Kwanza tuangalie jinsi ndege wanavyokutana. Ndege wengi hukaa wawili wawili, dume na jike, wakajenga na kulea pamoja. Lakini wako wengine ambao madume hukusanyika mahali pamoja, kila mmoja na nafasi yake ndogo, wakacheza mbele ya majike. Mahali hapo hapana chakula kingi wala viota. Ni uwanja wa ngoma tu. Majike huja, huzunguka, hutazama huyu na huyu, kisha huenda kwa mmoja. Baadaye jike huondoka kwenda kutaga na kulea peke yake.

Mfano mzuri wa Afrika Mashariki ni ndugu wa huyu wetu mwenye mkia mrefu, akaaye nyanda za juu za Kenya na kaskazini ya Tanzania. Wazungu walimpa jina la Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Ndege huyu alitangazwa kwa wataalamu mwaka 1891. Dume lake hukanyaga na kukata majani mpaka afanye duara, akabakiza shungi moja la majani katikati. Hapo ndipo achezapo. Huruka juu wima, akashuka, akaruka tena, mkia ameukunja kuelekea kichwani, kama mtu anayerukaruka mahali pamoja bila kuchoka. Ukitazama uwanda wao asubuhi, utaona madume mengi yakipanda na kushuka juu ya majani, hapa na pale, kila mmoja katika duara lake. Daktari van Someren wa Nairobi aliandika habari za ngoma hiyo kwa uangalifu katika miaka ya 1940.

Sisi tuliozaliwa Afrika hatuwezi kustaajabu sana. Tumeona viwanja vya ngoma. Tumeona vijana wakirusha vumbi, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake, na wasichana wamesimama pembeni wakiangalia kana kwamba hawaangalii. Mgeni angesema wenye shughuli ni vijana. Mwenyeji hujua kwamba shughuli iko pande zote mbili.

KITABU CHA MWAKA 1871

Mwingereza Charles Darwin alikuwa mtu wa kwanza kuliandika jambo hili kwa urefu, mwaka 1871. Alisema kwamba mapambo ya madume, kama mikia, rangi na nyimbo, yametokana na majike. Majike yakipendelea kizazi baada ya kizazi dume lenye mkia mrefu zaidi, basi madume ya namna hiyo ndiyo yatakayopata watoto wengi, nao watoto watarithi mikia ya baba zao. Hivyo, pole pole sana, mkia utarefuka.

Na katika kitabu hicho, kati ya ndege wa dunia nzima aliowataja, yumo huyu huyu wetu mweusi wa nyandani. Darwin hakumwona. Habari yake aliipata kwa maandiko ya wengine, kutoka kwa Mjerumani Lichtenstein, aliyekaa Rasi ya Tumaini Jema mwanzoni mwa karne ya 19. Huyo Lichtenstein alisema ya kwamba dume akinyang'anywa manyoya marefu ya mkia, jike humkataa. Darwin aliipokea habari hiyo kwa tahadhari. Alidhani labda iliangaliwa kwa ndege waliofungiwa tunduni. Lakini aliiandika. Ilikuwa kama mbegu iliyoachwa ghalani kwa muda mrefu.

Wengi hawakukubali. Alfred Wallace, aliyekuwa rafiki wa Darwin na aliyevumbua pamoja naye habari ya kugeuka kwa viumbe, alikataa katika kitabu chake cha mwaka 1889. Yeye alisema rangi na manyoya ya madume hutokana na nguvu nyingi za mwili wao, si kwa sababu majike yanayapenda. Mwingine alikuwa mtaalamu Mkatoliki wa London, St. George Mivart. Mwaka ule ule wa 1871 aliandika kwamba matakwa ya jike hubadilika ovyo ovyo, hayawezi kudumu kizazi hata kizazi na kuumba kitu imara kama rangi ya manyoya.

Tulitazame neno hilo vizuri. Mivart alikuwa mtu wa elimu kubwa, tena mwenye macho makali. Lakini hapo hakuwa akitoa habari za ndege aliowaangalia porini. Alikuwa akisema walivyosema mabwana wengi wa mji wake juu ya wanawake: kwamba leo wanataka hiki, kesho kile. Aliyachukua mawazo ya sebuleni akayaweka juu ya mti. Hili ni kosa ambalo kila mmoja wetu aweza kulifanya. Tukiwa tumezoea kwamba katika mambo makubwa wanawake hawaulizwi, basi hata tukiona jike likichagua mbele ya macho yetu, tutasema halikuchagua. Limefuata tu aliyeshinda.

NDUGU WAWILI WALIOITWA SELOUS

Baada ya Darwin kufa mwaka 1882, jambo hili karibu lilisahauliwa. Lakini alikuwako mtu mmoja aliyekwenda kutazama. Jina la Selous linajulikana Afrika kwa sababu ya Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, aliyepigwa risasi akafa vitani mwaka 1917 huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, Tanganyika. Alikuwa na ndugu yake, Edmund, ambaye hakuwa kama yeye. Edmund aliiweka bunduki chini, akashika kalamu na darubini. Alisema aliyeua ndege hawezi tena kuona ndege huyo anafanya nini.

Mwaka 1906 Edmund Selous alijificha siku baada ya siku katika kisiwa cha Texel, Uholanzi, akiangalia ndege wa majini ambao madume yao, wakati wa kutaga, huota kola kubwa ya manyoya shingoni: mmoja nyeupe, mwingine nyeusi, mwingine ya hudhurungi. Hukusanyika alfajiri katika uwanja mmoja, wakagombana, wakainama, wakasimama kimya. Selous aliandika kila siku alichokiona. Aliona majike yakija yenyewe, yakitembea kati ya madume, yakiwapita wengine waliokuwa wakihangaika mbele yao, na kumwendea waliyemtaka. Madume machache yalipata majike mengi, na mengi hayakupata kitu. Nguvu za kupigana hazikuwa jibu la yote. Jike ndilo lililoamua.

Ndege huyo si mgeni kabisa kwetu. Baridi ya Ulaya ikianza, huvuka jangwa akaja Afrika, naye huonekana katika maji na matope ya nchi nyingi za huku, mpaka Afrika ya Kusini. Lakini kola yake huiacha. Kwetu huja amevaa nguo za kazi tu, rangi ya udongo, akila wadudu ukingoni mwa maji. Vivyo hivyo yuko ndege mwingine wa matope, mwenye mdomo mrefu ulionyooka, ambaye katika Norwei na Sweden madume yake hukusanyika jioni na usiku, yakiimba na kutandaza mikia mbele ya majike. Mwaka 2011 wataalamu walitoa habari za ndege hao waliofungiwa vyombo vidogo miguuni huko Sweden. Waliruka bila kutua kilomita 4,300 mpaka 6,800, kwa siku mbili mpaka nne tu, wakafika kusini ya jangwa. Kisha wakaja kukaa miezi ya baridi katika bonde la mto Kongo. Basi aliye mchezaji ngoma huko kwao, kwetu ni mkimya anayetafuta minyoo. Anayemwona huku tu hawezi kujua ni nani.

GUNDI NA MKASI KINANGOP

Turudi sasa kwa ndege wetu mwenye mkia mrefu. Selous aliona kwa macho, lakini wabishi walikuwa na neno bado. Walisema: sawa, jike limemwendea huyo, lakini mmejuaje kwamba limeufuata mkia? Labda limefuata nyanda yake nzuri. Labda limefuata nguvu zake. Kuona peke yake hakutoshi kulijibu swali hilo. Ilipasa mtu aubadilishe mkia bila kubadilisha kitu kingine.

Kazi hiyo ilifanywa na Msweden, Malte Andersson, katika uwanda wa Kinangop, Kenya, juu ya milima kaskazini-magharibi ya Nairobi, ambako ndege huyu hukaa pia. Habari yake ilitoka mwaka 1982. Alikamata madume 36, akayagawa katika makundi tisa ya wanne wanne. Katika kila kundi, wa kwanza alikatwa mkia mpaka ukabaki kama sentimita 14. Manyoya yaliyokatwa aligundishwa wa pili kwa gundi kali, mkia wake ukazidi urefu wa kawaida kwa sentimita kama 25. Wa tatu alikatwa mkia, kisha akarudishiwa mkia wake mwenyewe kwa gundi, ili ijulikane kama kukata na kugundisha kwenyewe kunaharibu jambo. Wa nne hakukatwa, alitiwa alama tu.

Kabla ya kukata, Andersson alikuwa amehesabu viota vilivyomo katika eneo la kila dume. Maana ndege huyu ana eneo lake la majani, na majike kadhaa hujenga humo humo, kila moja kiota chake. Baada ya kukata, alihesabu tena viota vipya. Ikaonekana wazi kwamba waliorefushwa mikia walipata majike mapya kuwapita wengine wote. Waliofupishwa hawakupunguza bidii ya kuruka na kujionyesha. Tena hawakunyang'anywa maeneo yao. Madume wenzao hawakuwaonea kwa sababu ya mkia mfupi. Basi mkia si silaha ya kuwatisha madume. Ulikuwa ukisema na majike, na majike yalisikia.

Tangu kitabu cha mwaka 1871 mpaka hapo ilikuwa miaka 111. Neno la Lichtenstein, ambalo Darwin aliliandika kwa tahadhari, likapata ushahidi kwa ndege yule yule, safari hii akiwa huru, katika majani ya kwao. Na tuangalie jambo moja zaidi. Mkia uliopendwa kuliko yote ulikuwa mrefu kuliko ule ambao kwa kawaida dume huota. Maana yake ni kwamba macho ya jike yangeuvuta mkia urefuke zaidi bado. Kinachouzuia si jike. Ni uzito wake, na upepo, na adui.

Baada ya hapo wengine waliendelea. Msweden mwingine, Staffan Andersson, aliwafuata wale wachezaji wa duara wa Kenya. Katika maandiko yake, tangu mwaka 1989, alionyesha kwamba kwao pia mkia mrefu hupendwa, lakini hautoshi: dume lazima awepo uwanjani na aruke, tena aruke, na duara lake litazamwe. Alionyesha pia kwamba kuruka huko kunawakondesha. Asiye na akiba mwilini hawezi kuendelea na ngoma. Na huko Afrika ya Kusini, mwaka 2001, Sarah Pryke na wenzake walitoa habari za ndugu mwingine wa jamaa hii, mweusi mwenye alama nyekundu kooni. Waligundua kwamba mkia wake ni kwa ajili ya majike, lakini ile alama nyekundu ni kwa ajili ya madume wenzake: huwaambia wasikaribie. Ndege mmoja ana mapambo mawili, nayo yanawaelekea watu wawili mbalimbali.

WIMBO WA NYUMBANI

Mtu atauliza: kwa nini jike lipende mkia, au wimbo, au kuruka? Wataalamu hawajamaliza neno hili. Mwingereza Fisher, mwaka 1930, alisema kupenda kwaweza kujilisha kwenyewe: jike likizaa na dume lenye mkia mrefu, wana wake nao watapendwa na majike mengine. Mwisraeli Zahavi, mwaka 1975, alisema pambo zito ni ushahidi wa kweli kwa sababu dhaifu hawezi kulibeba. Inawezekana kila mmoja ameshika upande wake wa kweli.

Lakini uko mfano mmoja ambao sababu yake twaiona vizuri, nao ni wa ndege mdogo ambaye twamwona hata uani: fumbwe mweusi mwenye kung'aa kidogo kama chuma cha buluu. Jike lake halijengi. Hutaga katika kiota cha ndege mwingine mdogo mwekundu, naye huyo huyalea makinda ya mgeni pamoja na yake. Kinda la fumbwe hukua likisikia nyimbo za mlezi. Likiwa dume, hushika mti wake na kuimba, na ndani ya uimbaji wake huzitia nyimbo za mlezi aliyemlea.

Mmarekani Robert Payne aliwaangalia fumbwe hao huko Zambia katika miaka ya 1970. Madume hayakukusanyika katika uwanja mmoja mdogo. Kila mmoja alikuwa na mti wake, mbali kidogo na mwenzake, lakini waliweza kusikiana. Majike yalipita mti hata mti yakisikiliza. Mwisho dume mmoja alipata wengi, na walio wengi wakaambulia kidogo au hawakupata kitu. Na madume ya jirani yalijifunza nyimbo za yule aliyefaulu. Baadaye Payne na wenzake waliwalea fumbwe kwa mlezi wa jamii nyingine kabisa, na mwaka 2000 wakatangaza matokeo: majike yaliyokua hivyo yaliupendelea wimbo wa huyo mlezi wao. Yaani fumbwe jike humchagua dume kwa kusikia wimbo wa nyumba aliyolelewa. Hapo matakwa ya jike si upepo. Yana mizizi, tena mizizi ya utoto. Mivart angalikuwapo, tungalimpeleka chini ya mti huo asikilize.

UWANJA UKIISHA

Sasa tuje kwa jambo linalotugusa. Ngoma haichezwi bila uwanja. Kwa ndege hawa, uwanja ni majani yasiyolimwa yote na yasiyochomwa yote kwa wakati mmoja.

Alikuwako Katanga, wakati wa uhuru wa mwaka 1960, Mbelgiji Jean-Claude Ruwet, akichunguza ndege wa ziwa la Lufira, upande wa Likasi. Ndege mfumaji aliyempata huko mwaka 1960 alipewa jina lake mwaka 1982. Ruwet alirudi Ubelgiji akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Liège, na kwa miaka mingi aliwaangalia jogoo weusi wa mwituni katika nyanda za juu za Hautes Fagnes. Nao ni wachezaji ngoma: alfajiri hukusanyika, hutandaza mikia, huimba, na majike huja kuchagua. Lakini hata huko, katika nchi tajiri yenye sheria za kulinda pori, nyanda zilibadilika, na jogoo wale wakapungua mwaka hata mwaka mpaka wakakaribia kwisha. Tangu mwaka 2017 imewabidi kuleta ndege wengine kutoka Sweden ili ngoma isizimike.

Kinangop nako majani mengi yamegeuzwa mashamba. Wale wachezaji wa duara wa Kenya sasa wamo katika orodha ya ndege wanaokaribia kuwa hatarini. Hatumlaumu mkulima, watoto lazima wale. Wala hatusemi kwamba Katanga iache kuchimba shaba yake. Tunasema tu kwamba uwanda wa majani kando ya Dilolo si mahali patupu panapongoja kazi. Una wenyewe. Anayewasha moto pande zote mwezi mmoja kwa ajili ya kuwinda panya, ajue anachoma pia mahali ambapo mvua ikija jike lingetafuta majani marefu ya kuficha kiota. Tuchome kwa sehemu, tuache sehemu. Wazee wengi walijua kufanya hivyo.

JUU YETU WENYEWE

Tumalize kwa neno juu ya watu, ingawa si vema kuchukua sheria za ndoa kutoka kwa ndege. Dume wa nyandani ana majike mengi na hamsaidii hata mmoja kulea. Huyo si mfano wa baba Mkristo. Ndege hana ahadi, hana sakramenti. Tena hana mahari wala wajomba wa kuketi kikao. Hatusemi binti ajifunze kwa jike la ndege.

Lakini katika historia hii limo fundisho juu ya sisi watazamaji. Kwa muda mrefu wenye elimu walikana kwamba jike huchagua, si kwa sababu walitazama wakaona halichagui, ila kwa sababu hawakutazamia kwamba aliye kimya anaweza kuwa na neno. Je, hatufanyi hivyo majumbani mwetu? Mara ngapi baraza la ndoa limekaa, wakahesabu mbuzi na fedha na nguo, wakapatana, na msichana yuko jikoni, wakasema: “Amekubali, maana hakusema kitu”?

Kanisa halisemi hivyo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwakataza wakuu kumlazimisha mtu katika ndoa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya hao wawili wenyewe, na hakuna uwezo wa mwanadamu yeyote unaoweza kuitoa kwa niaba yao. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, nayo inataka kila mmoja akubali mwenyewe. Na tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2016, msichana aliye chini ya miaka 18 hawezi kuolewa. Basi baba anayemwuliza binti yake na kungoja jibu, hata jibu likichelewa, hafuati desturi za kigeni. Anampa heshima ambayo Muumba alimpa kabla yake.

Mvua za kwanza zikinyesha, majani yakianza kusimama, nenda asubuhi ukingoni mwa uwanda. Utamwona dume mweusi mara moja, hahitaji kutafutwa. Usimtazame yeye tu. Kaa chini, nyamaza, utafute katika majani yule wa rangi ya majani. Yeye ndiye anayeamua.